Kivuli cha Kuzaliwa Nacho

Mwalimu Leokadia amekufa kwa presha. Naanza na hilo kwa sababu nilipopigiwa simu, kabla hata sijalia, nilishusha pumzi. Nilisema moyoni: presha, ahsante Mungu, si ngozi. Asiyemjua anaweza kudhani nina roho mbaya. Lakini Mwalimu alizaliwa albino kisiwani Ukerewe, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na neno zuri la kumwitia mtu kama yeye, na tangu utotoni alisikia watu wakisema mbele yake, kana kwamba hana masikio, kuwa jua litammaliza kabla hajafika arobaini. Alipofika arobaini alichinja jogoo akatualika. Alifika hamsini, akastaafu ualimu, akalea watoto wa wadogo zake mpaka watoto wa watoto hao wakamwita bibi. Amekufa kitandani kwake kwa ugonjwa wa watu wote. Mimi nimekuwa nesi wa kliniki ya ngozi mpaka nami nikastaafu, nimewafunga bendeji wengi wa aina yake ambao hawakupata nafasi hiyo, kwa hiyo nikisema Mwalimu alishinda, najua ninachokisema.

Tulimzika Nansio, kwao Ukerewe. Siku iliyofuata wanawake tuliobaki tulikaa kwenye baraza tukichambua mchele wa waliokuwa bado wanakuja na kivuko kutoa pole. Mimi nilikaa na Dada Jesca, ambaye ndiye aliyenipigia simu. Akaja Neema, mtoto wa mdogo wake Mwalimu, binti anayesoma chuo, akapiga goti nusu, akasema, "Shikamooni," tukaitikia marahaba, naye akanionyesha simu yake. Kulikuwa na tangazo la krimu na picha ya mwanamke mwenye uso usio na hata tundu la jasho. "Bibi Koleta, wewe ulikuwa nesi," alisema. "Hapa wanasema wataalamu wanajaribu kutengeneza melanini ya kupaka, ili jua lisiharibu ngozi, mtu asizeeke haraka. Ni kweli, au ni biashara tu?" Nikamwambia nami nimesikia hivyo, kwamba wataalamu bado wanajaribu, na kwamba matangazo siku zote hutangulia mbele ya wataalamu. "Lakini melanini yenyewe si kitu kipya," nikamwambia. "Unayo tele. Ndiyo hiyo rangi yako." Akaitazama mikono yake kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimemdondokea. Dada Jesca hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Alisema, "Mwambie habari za Kirumba, Koleta. Mimi nikianza nitalia, na mchele huu hautachambulika." Nilimsimulia kidogo, kwa sababu kulikuwa na wageni. Hapa naandika iliyobaki.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka ilivyokuwa: maduka yaliyokuwa yamezoea kuuza chumvi na viberiti yakafura bidhaa, mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, redio zikaimba kila kona, na kila mtu aliyekuwa na mjomba aliyevuka mpaka akawa mfanyabiashara. Mwanza ilinuka samaki na fedha. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachukua vijana, nami nikapata kazi katika kimojawapo, nikisimama mchana kutwa kwenye ubaridi na mabuti meupe, nikipanga minofu kwenye maboksi iende Ulaya. Tuliobaki huku tulikula vichwa. Nilipanga chumba Kirumba, kwenye nyumba iliyojengwa kuzunguka jiwe. Nasema kuzunguka, kwa sababu mwenye nyumba alijaribu kulivunja, likamshinda kwa moto na kwa nyundo, akaamua kuliacha katikati ya ua na kupanga vyumba pembeni yake. Tulianikia nguo juu yake, na dagaa, na michembe ya viazi vitamu, na watoto wa jirani waliteleza pale kaptula zikatoboka makalioni.

Tulikuwa wapangaji watatu, wanawake wote. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo na harufu ya sangara ambayo sabuni haikuiweza. Chumba cha katikati kilikuwa cha Mwalimu Leokadia, ambaye alifundisha biolojia sekondari na wakati ule alikuwa na miaka kama thelathini, ingawa mikono yake ilikuwa ya mwanamke wa hamsini. Dirisha lake lilikuwa na mapazia mawili, la ndani jeusi. Ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, ambayo yeye mwenyewe aliishonea kitambaa cha kushuka shingoni. Alikuwa na kiti kimoja cha kamba, na kiti hicho kilihama. Asubuhi utakikuta upande wa jiko, adhuhuri kiko ndani, saa tisa alasiri kiko nyuma ya jiwe, na yeye amekikalia anasahihisha madaftari. Hakuwahi kuangalia saa. Aliujua mwendo wa kivuli katika ua ule kama mwanamke anavyojua chungu chake kitachemka lini. Nilimstahi kabla sijamjua, na nilipomjua heshima ile haikupungua, jambo ambalo katika maisha yangu limetokea mara chache.

Chumba cha tatu, kilichotazama barabarani, kilikuwa cha Dada Jesca, na sehemu yake ya mbele ilikuwa saluni. Alikuwa Msukuma mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ziwani, mkarimu kupita kiasi. Ukisifia khanga yake anaivua. Alichoma nywele kwa chanuo la moto, aliweka dawa za kulainisha, na tangu mipaka ilipofunguka alikuwa na rafu nzima ya krimu na sabuni za kung'arisha uso. Lakini kilichomletea wateja hasa kilikuwa kile alichokitengeneza mwenyewe. Jumapili alasiri alitoa beseni la plastiki, akamimina krimu za makopo matatu tofauti, akakamulia mirija ya dawa ya ngozi ambayo kwa haki ingepaswa kuandikwa na daktari, akakoroga kwa mwiko mpaka ikawa rangi moja, akajaza vikopo. Mkorogo. Wakati ule jina lilikuwa bado halina aibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kibao cha biashara. Uso wake ulikuwa mwekundu kama papai lililoiva upande mmoja, na vifundo vya vidole vyake vilibaki vyeusi, kwa sababu vifundo havidanganyiki.

Kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye bati. Mwenye nyumba aliishiwa matofali, au aliona hewa inatosha kuwa dari. Kwa hiyo tulisikiana kila kitu, kikohozi, sala, na wateja wa saluni wakiwasema waume zao. Mara nyingi tulizungumza hivyohivyo, kila mmoja kitandani kwake, maneno yakipita juu ya kuta. Jioni tulikula pamoja kwenye ukumbi mwembamba ulio mbele ya vyumba: ugali wa muhogo kutoka kwao Mwalimu, kichwa cha sangara kutoka kiwandani kwangu, na mboga au michembe na karanga kutoka kwa Dada Jesca. Hapo ndipo utani ulipoiva. Dada Jesca alikuwa na wimbo mmoja. "Mwalimu, Mungu ana upendeleo," alisema. "Kitu ninachokinunua mimi kwa jasho, wewe amekupa bure." Mwalimu alikuwa anamega ugali. "Tubadilishane basi," alijibu. "Wewe chukua hii, unipe yako, nikatembee mwaloni kwa wauza samaki saa sita mchana bila kofia hata siku moja." Dada Jesca alicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini niliona kwamba Mwalimu alikuwa amesema kweli tupu, na kwamba alishazoea kweli yake kuchukuliwa kuwa mzaha.

Baada ya mvua za vuli uso wa Dada Jesca ulianza kumgeuka. Kwanza hakuweza kukaa karibu na jiko. Alisema moto unamng'ata. Kisha kwenye mifupa ya mashavu yakatokea mabaka meusi, meusi kuliko alivyozaliwa, nayo kadiri alivyoyapaka ndivyo yalivyokaza. Chini ya macho ngozi ikawa nyembamba, ukaona mishipa. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mteja mmoja mgeni alimwamkia shikamoo akidhani ni mama mtu mzima. Alicheka mbele ya mteja, kisha usiku kupitia juu ya ukuta nikamsikia anapenga kamasi. Siku nyingine chanuo la moto lilimgusa mkono, kajeraha kadogo tu kama kucha, kakakaa bila kufunga mpaka nikazoea kumuona na kitambaa. Mke wa mwenye nyumba, aliyependa methali kuliko watu, alipita akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Mwalimu hakusema methali. Alilitazama lile jeraha kila jioni kama anavyotazama daftari la mwanafunzi mwenye akili anayekosea makusudi.

Halafu ikaja Pasaka, na Dada Jesca akafanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka na machozi yananilenga. Mwalimu alikuwa na madoa ya jua kwenye mikono na shingo, madoa ya kahawia yaliyotapakaa, mengine yamevimba kidogo. Dada Jesca alikuwa ameyaonea huruma muda mrefu. Kwa hiyo baada ya misa alikuja ukumbini na kikopo kizuri chenye mfuniko wa dhahabu, amekifunga utepe. "Mwalimu, hiki nimekikoroga peke yake," alisema. "Sikukuchanganyia kile cha wateja. Nimetia dawa zote nzuri. Ukipaka wiki chache hayo madoa yatatoka, utabaki safi kabisa." Mimi niliacha kutafuna. Kumpa mtu asiye na ulinzi wowote dawa ya kuondoa ulinzi, na kumpa kwa upendo, imefungwa utepe! Nilidhani Mwalimu atakasirika, na angekuwa na haki. Yeye alinyoosha mikono yote miwili akakipokea, akasema, "Ahsante Jesca, umenifikiria." Akakiweka juu ya rafu ya vitabu. Kisha akaketi, akamaliza kula, na kabla ya kuondoa sahani akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mwenye kuwa na vioo viwili vya dirisha ni nani hapa?"

Vioo tulivipata kwa fundi wa jirani, vipande viwili vya ukubwa wa daftari. Jumatatu ya Pasaka Mwalimu aliwasha kibatari mchana, akashika kioo kimoja juu ya moshi wake mpaka upande mmoja ukawa mweusi wa masizi. Kingine alikiacha kama kilivyo. Akakata gazeti la siku ile vipande viwili, akaviweka juu ya jiwe, kimoja chini ya kioo cheupe na kingine chini ya kioo cha masizi, akavibana kwa kokoto. "Hakuna kuvigusa," alituambia. "Wala watoto." Dada Jesca aliuliza ndio uchawi gani huo. Mwalimu alisema ni somo la kidato cha pili. Siku zikapita, kiangazi kikaanza kukaza, nasi tukaanikia nguo pembeni ya vioo vile, tukivizunguka kama tunazunguka kaburi la mtoto. Jirani mmoja aliuliza kama tumeanza kuwasiliana na ndege zinazopita angani.

Siku aliyovifunua, Mwalimu alitufanya tusimame pande zote za jiwe kama wanafunzi. Ilikuwa alasiri, kivuli kimeshafika. Karatasi iliyokuwa chini ya kioo cheupe ilikuwa imekuwa ya njano, na Dada Jesca alipoinyanyua pembe yake ilimkatikia mkononi. Iliyokuwa chini ya masizi ilikuwa bado gazeti, laini, herufi zake zimekaa. "Zimechapwa siku moja," Mwalimu alisema. "Umri wao ni mmoja." Dada Jesca aliangalia moja, akaangalia nyingine. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko alivyopenda ionekane. "Kwa hiyo mimi masizi," alisema, "ndiyo tusi ulilokuwa unalipika tangu Pasaka." Mwalimu akacheka, cheko la nadra, mpaka miwani ikamshuka. "Wewe si masizi. Wewe ni gazeti. Mimi pia ni gazeti. Tofauti ni kioo."

Kisha akaeleza, na ndiyo maelezo niliyowapa wagonjwa wangu, nilipoacha kiwanda nikasomea unesi, kwa miaka yote niliyofanya kazi, bila kubadilisha mengi. Alisema ndani ya ngozi kuna chembe hai ambazo kazi yake ni kutengeneza kitu kiitwacho melanini, na melanini si rangi ya kupendezea kama ya ukuta. Chembe hizo huigawa kwa jirani zao kwa punje ndogondogo, na ndani ya kila chembe punje hizo hujikusanya juu ya kiini chake, upande unaotazama jua, kama mwanamke anayejitanda khanga kichwani kabla ya kutoka nje. Jua likija linaikuta melanini kwanza. Inalimeza. Pasipo melanini, jua linakwenda moja kwa moja kwenye kiini na kwenye nyuzi zinazoikaza ngozi, zinakatika, ngozi inalegea, inakunjamana, inatoa madoa, na mwishowe inaweza kutoa vidonda vya kuua. "Sisemi mtu mweusi hazeeki," alisema. "Atazeeka. Lakini atazeeka kwa miaka yake, si kwa jua. Ninyi mmezaliwa na kivuli chenu, Jesca. Mnatembea nacho. Mimi kivuli changu nakitafuta kila saa, nakikimbilia nyuma ya jiwe, nakishona kwenye kofia. Wewe unakoroga dawa Jumapili ili ukifute cha kwako." Alikunja mkono wa gauni lake refu, jambo ambalo hakulifanya kamwe mbele ya watu, akaweka mkono wake kando ya uso wa Dada Jesca. "Tazama mkono huu. Nina miaka miwili chini yako. Huku ndiko unakokwenda kwa miguu yako." Kikopo chenye mfuniko wa dhahabu alimrudishia siku hiyo, bado kina utepe.

Laiti kuelewa kungekuwa kuacha. Usiku ule, juu ya kuta, niliwasikia. Dada Jesca alikuwa analia bila kujificha. "Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini nikiacha, hii ngozi haitarudi leo wala kesho. Nitakuwa na mabaka kama mbuzi. Nani ataingia saluni ya mwanamke mwenye uso wa mbuzi? Uso wangu ndio kibao cha duka. Sina mume, sina shamba, nina huu uso." Nikasikia kitanda cha Mwalimu kinalia, ameketi. Kisha akasema, "Sikuahidi kwamba utakuwa mzuri. Wala sikuahidi wateja. Ukiendelea, uso huo unaoutegemea hautakuwepo, mwenyewe umeshauona unavyokwenda. Ukiacha, utakuwa na ngozi. Ni hilo tu nililo nalo." Nilipenda kwamba hakumdanganya. Watu wengi wanaotaka kutuokoa hutuongezea sukari, halafu tukiikosa tunawachukia. Asubuhi Mwalimu alimsindikiza hospitali ya mlimani, na daktari akasema yaleyale kwa maneno magumu zaidi na kwa dakika chache.

Dada Jesca aliacha. Beseni likawa la kufulia. Na mambo yakawa kama alivyoogopa, tena zaidi. Siku hizi tunamwambia mtu apunguze taratibu chini ya uangalizi, lakini wakati ule nani alijua? Uso ulivimba, ukawaka, ukatoa vipele, kisha weusi ukaanza kurudi kwa visiwa visiwa, hapa Ukerewe, pale Ukara, katikati maji. Alijitanda khanga mpaka puani na kuwaambia wateja anaumwa jino. Jino la miezi! Wateja si wajinga. Wakaanza kupungua, wakahamia kwa mwanamke wa barabara ya pili aliyekuwa na beseni kubwa zaidi. Dada Jesca alifungua mlango nusu, kisha robo, kisha siku nyingine hakufungua. Kile kicheko cha kufika ziwani sikukisikia tena. Alikula baada yetu, amegeukia ukuta. Nami nilimwogopea zaidi kuliko alipokuwa anapaka, kwa sababu nilijua kikopo kimoja tu cha duka la jirani kingemrudisha alikotoka ndani ya wiki, na yeye alijua pia. Mwalimu alikuwa anajua zaidi yetu sote. Kila jioni aliporudi shuleni alisimama mlangoni kwa Jesca kabla hajavua kofia, akauliza, "Umeshindaje?" Na kila jioni jibu lilikuwa moja: "Nipo."

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya kiangazi, mbingu nyeupe, mawe ya Kirumba yanatoa joto kama vyungu. Mwalimu alitoka chumbani adhuhuri, saa ambayo katika mwaka mzima sikuwahi kumuona nje, amevaa kofia yake kubwa na mikono mirefu. Akagonga kwa Dada Jesca. "Twende mwaloni tukanunue sato," alisema. Dada Jesca alijibu kutoka ndani kwamba amekuwa kichaa, kwamba jua linachoma hata nzi. "Ndiyo," alisema Mwalimu. "Wenzako wote wa mwaloni saa hizi wamemaliza kuuza dagaa, wamekaa. Ndio wateja wako. Twende wakuone." Sijui ni kwa nini alikubali. Nadhani alimwonea haya mtu aliyemfuata katika jua lile. Alijitanda khanga ikabaki mianya ya macho tu, tukateremka watatu, mimi nimebeba kikapu.

Walikuwepo kweli, akina mama wa dagaa, wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa chini ya mabati, wao kivulini, na anayepita mbele yao yuko wazi kabisa juani. Korongo walitembea katikati ya utumbo wa samaki kwa madaha ya madiwani. Mmoja wa akina mama akaita, "Kalibuni sato," kisha akamtambua Dada Jesca kwa urefu wake. "Ee, dada wa saluni! Jino bado? Hebu tulione hilo jino." Wengine wakacheka. Mmoja akasema si jino, mkorogo umempikia uso. Dada Jesca aliikaza khanga, nikamwona mabega yanainuka, nikajua anakaribia kukimbia, na kwamba akikimbia leo, kesho atapita duka la jirani. Mwalimu alisimama. Akavua kofia.

Aliishika kofia mkononi kama mtu anayeingia kanisani, nywele zake za manjano zikawaka, akainama kwenye meza ya samaki, akaanza kuuliza ni samaki yupi wa asubuhi. Kicheko cha akina mama kikakatika. Pale mwaloni kila mtu alimjua Mwalimu wa kofia, na hakuna aliyewahi kumwona kichwa. Dada Jesca alimvuta gauni. "Mwalimu. Vaa kofia." Mwalimu alikuwa anafunua mashavu ya sato kutazama wekundu. "Nitavaa." "Vaa sasa, Mwalimu, jua hilo." "Nalijua jua." Akachagua samaki mmoja, akamrudisha, akachukua mwingine. Niliona shingo yake inaanza kubadilika, waridi, kisha nyekundu, mbele ya macho yetu, na midomo yake ikikauka. Mwenye kuuza alisahau kutaja bei. "Mwalimu, utaungua," alisema Dada Jesca. Mwalimu aligeuka akamtazama kwa macho yale yaliyokuwa yanatetemeka kwa mwanga, amefinya kope. "Wanatutazama wote wawili, Jesca," alisema. "Mimi nimetazamwa tangu nizaliwe. Haiui. Jua ndilo linaloua."

Dada Jesca aliivuta khanga yake kutoka kichwani kwa mkono mmoja. Hakufikiri, naapa hakufikiri. Akamtandia Mwalimu kichwa, shingo, mashavu, akaikaza chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto mchanga, akamshika mabega akamgeuza kumrudisha nyumbani, huku akimgombeza kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya zamani iliyosikika mpaka ziwani, kwamba mtu amesoma mpaka akili zimemwagika, kwamba angekufa nani angesahihisha madaftari. Uso wake ulikuwa wazi juani, na mabaka yake yote, visiwa vyote, mbele ya mwalo mzima. Hakuwa na habari. Nilikuwa nyuma yao na kikapu kitupu. Tulipopita mbele ya ndoo ya mwisho, yule mama aliyetaka kuona jino alisimama, akamtazama vizuri, akasema taratibu, "Kumbe ni wewe, Jesca."

"Ni mimi," alisema Dada Jesca. "Kesho nimefungua."